Shajara ya mradi: Probox tatu, madereva watatu na mafuta ya Dar hadi Morogoro

Shajara hii naijaza kila hatua inapokamilika, ili mwenye gari mbili tatu za kazi aone nini kimefanya kazi, nini kimekwama na kila kitu kimekula shilingi ngapi. Hatua za kawaida nazipita haraka. Palipotusumbua ndipo nimekaa.

Tunasambaza dawa za mifugo na vifaa vya ufugaji kutoka Kariakoo hadi maduka ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze na Morogoro mjini. Magari ni Toyota Probox tatu zenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,496, zote zilikuja zimetumika kutoka Japani. Mbili ni otomatiki, moja ni ya gia za mkono. Mafuta yanalipwa na ofisi, na hilo lina uzito wake. Dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa tajiri hununua mafuta kwa pesa iliyo mkononi mwake, kwa hiyo anajua lita moja inavyouma. Wetu anaondoka na tangi limejaa, anarudi, mtu mwingine analipa.

Swali langu: dereva akionyeshwa mafuta anayochoma palepale anapoyachoma, ataendesha vingine? Na je, kioo hicho, yaani skrini ya simu inayomwonyesha, kinamfaa sawasawa aliyepata leseni juzi na aliyezeekea barabarani?

Madereva nitawaita kama tunavyoitana kazini. Mzee ameendesha Fuso, kisha semi, njia ya Tunduma kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu "kupumzika". Dada alikuwa akiendesha basi la wanafunzi. Dogo leseni yake bado inanukia wino.

20 Januari 2025: vifaa, na Probox iliyokataa kuongea

Mpango ni rahisi. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Unachomeka kifaa kidogo cha ELM327, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na programu ya simu inaonyesha mwendo, mizunguko ya injini na hewa inayoingia. Kutokana na hewa unakokotoa mafuta.

Niliokota vifaa vitatu vya bei ya chini Kariakoo, 15,000 kila kimoja. Probox moja iliitika mara moja. Mbili zilibaki kimya.

Sababu ni asili ya magari yenyewe. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, lugha moja ya kuongea na kompyuta ya gari, kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalikwenda kwa utaratibu wao. Soketi inafanana, lugha hailingani. Simu inauliza, kompyuta ya gari haielewi imeulizwa nini.

Dawa yake ipo. Kwenye mipangilio ya programu kuna sehemu ya kuandika amri za kuanzia. Kwa Toyota hizi mafundi hutumia ATIB 96, inayoweka kasi ya mawasiliano kuwa 9600, ATIIA 13, inayobadilisha anwani ya kuamshia kompyuta, na ATSP4, inayochagua itifaki. Hufuata amri ya ATSH ya kichwa cha ujumbe, na hiyo hutofautiana kati ya modeli na modeli, kwa hiyo muulize aliye na gari kama lako.

Niliandika amri hizo, kifaa kikanijibu alama ya kuuliza. Alama hiyo maana yake ni kwamba kifaa chenyewe hakiijui amri. Vifaa vya bei ya chini vilivyoandikwa "v2.1" vingi vimepunguzwa uwezo, na ajabu ni kwamba vile vya kuiga vilivyoandikwa "v1.5" mara nyingi ni bora, ingawa ELM Electronics ya Kanada, iliyotengeneza chipu ya asili, haikuwahi kutoa toleo la namba hiyo. Mwombe muuzaji akuonyeshe chipu ya ndani. Ukiona PIC18F25K80, chukua. Hivyo vilinigharimu 45,000 kila kimoja, na vyote vitatu viliitika. Zile 45,000 za kwanza zimelala kwenye droo.

2 Februari: msingi kwanza, kioo baadaye

Mwezi mzima wa Februari simu zitakaa ndani ya droo ya dashibodi zikirekodi tu. Hakuna dereva atakayeona kitu. Bila namba za kabla, namba za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho.

Kipimo kikuu si simu, ni sheli: jaza hadi bomba litakapojikata lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, andika kilomita, tunza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukijaza tena, gawa. Sheli ileile, pampu ileile, asubuhi. Safari moja kwa njia hii hudanganya kwa lita moja au zaidi kulingana na gari lilivyosimama, lakini wiki kadhaa zikijumlishwa uongo unakwisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na kikao ambacho sikukipanga. Habari ilikuwa imezunguka kwamba bosi ameweka mtambo wa kukamata wanaonyonya mafuta. Mzee alikuja akasema waziwazi: "Kijana wangu, kama unatuona wezi, tuambie, usitufungie mdudu." Nikawaeleza kinachopimwa, nikawaonyesha simu zenyewe, na tukakubaliana kwa maandishi kwamba namba hizi hazitamfukuza wala kumkata mtu mshahara. Anayeiga asiruke kikao hiki. Kifaa kinachoogopwa huchomolewa, na unabaki na rekodi zenye mashimo.

1 Machi: namba za msingi

Tulibadilishana magari kila wiki, ili tusimsifu dereva kwa wepesi wa gari. Na kweli, Probox moja ya otomatiki ilikuwa ikila kuliko wenzake mikononi mwa kila mtu. Fundi aliinua nyuma, akazungusha tairi kwa mkono: breki ya kushoto ilikuwa inashika muda wote. Ukarabati 65,000. Rekodi zake za kabla ya hapo nimezitupa, msingi wake ukaanza upya.

Kwa ujumla, tukihesabu njia yote pamoja na foleni ya Kimara na Mbezi: Mzee na Dada wako karibu na kilomita 14 kwa lita, Dogo 12 na kidogo.

Ukizigawanya kwa vipande, picha inabadilika. Kutoka Kibaha hadi Chalinze Mzee hakamatiki. Anaona mbali, na malori yanapoanza kujipanga kuelekea mizani ya Vigwaza yeye mguu umeshatoka kwenye mafuta zamani, wakati Dogo bado anakanyaga, halafu anakanyaga breki. Lakini mjini Mzee anapoteza alichookoa. Asubuhi anawasha injini na kuiacha ingurume wakati anakunywa chai. Akifika dukani anaiacha inanguruma wakati mzigo unashushwa.

Nilimuuliza kwa nini. "Tabo lazima ipoe," akasema. Kwa Fuso yenye tabo, yaani turbo inayosukuma hewa ndani ya injini, yuko sahihi kabisa. Probox haina tabo. Ujuzi ni wa kweli, gari ndilo limebadilika.

8 Machi: kioo kinawashwa

Simu zimetoka kwenye droo na kupanda kwenye kishikizo, 10,000 kimoja. Kwa kuanzia tulionyesha lita kwa kilomita 100, papo hapo.

Tatizo la kwanza lilionekana kabla hawajavuka Ubungo. Gari likisimama, mafuta yanatumika na kilomita hazisogei, kwa hiyo namba inapaa hadi isomeke mistari tu. Dereva kwenye foleni anatazama kioo kinachomwambia yeye ni mbaya kupita kipimo, na hana la kufanya. Nimeweka sharti: chini ya kilomita 10 kwa saa kioo kionyeshe lita kwa saa, juu ya hapo lita kwa kilomita 100.

Badiliko hilo dogo ndilo lililomshika Mzee. Kikokotoo ni hiki: gramu za hewa kwa sekunde, zidisha kwa 3,600, gawa kwa 14.7, ambao ni uwiano wa hewa na petroli, kisha gawa kwa 745, ambao ni takriban uzito wa lita ya petroli kwa gramu. Probox ikinguruma imesimama hupitisha gramu 2.3 hivi, yaani karibu robo tatu ya lita kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa inapanda. Mzee alitazama namba ile wakati wa kushusha mzigo Mlandizi, akazidisha kichwani kwa vituo vyote vya siku, akazima. Hakuna aliyemwambia.

Angalizo kwa anayesoma namba za Machi: Ramadhani imeanza mwanzoni mwa mwezi. Jioni kila mtu anakimbilia futari, na hakuna kioo kinachoshindana na adhana ya magharibi. Safari za kurudi za mwezi huu nimeziweka kando.

15 Machi: kioo kinafundisha kuweka frii

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kuharibika.

Mzee ana mazoea ya kuweka gia frii, yaani injini isishike magurudumu, kwenye miteremko midogo. "Kitonga sithubutu," anasema, akimaanisha mteremko mkali wa njia ya Iringa, "lakini hapa kwenye vimteremko gari linajiendea lenyewe, mafuta ya nini?" Mimi nilikuwa nimewaambia wote kwamba gari la injekta (vijibomba vinavyopulizia petroli kwenye injini) halili kitu likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa juu, kwa sababu kompyuta hufunga injekta kabisa. Katika frii injini lazima ilishwe isizime.

Mzee akaamua kumuuliza mtambo wangu mwenyewe. Mteremko wa kuelekea daraja la Ruvu, ndani ya gia: kioo kikasoma lita 1.2 kwa saa. Akaweka frii: 0.7. Alirudi ofisini na picha ya kioo kwenye simu yake, akawaonyesha wenzake kabla yangu. Dogo akaanza kuweka frii siku hiyohiyo.

Mtambo ulikuwa unadanganya, na uongo wake una maelezo. Programu haioni mafuta, inaona hewa. Gari likiteremka ndani ya gia, pistoni zinazungushwa na magurudumu kwa mizunguko 2,500 hivi na zinaendelea kuvuta hewa, gramu 3.6 au zaidi. Programu inagawa kwa 14.7 kana kwamba petroli ipo. Haipo, injekta zimefungwa. Katika frii injini inashuka hadi mizunguko ya kusimama, hewa inapungua, na namba inapendeza. Kwa hiyo kioo kinampa alama nzuri anayeteremka bila breki ya injini.

Dawa ya kwenye programu: ongeza swali la 0103, linaloeleza hali ya mfumo wa mafuta. Jibu la 04 hutolewa injekta zinapofungwa kwa sababu gari linapunguza mwendo. Lakini 04 hiyohiyo hutolewa pia injini inapokandamizwa sana, kwa hiyo peke yake haitoshi. Unganisha na swali la 0111, la kipepeo cha hewa, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wa mafuta. Kanuni yetu sasa: jibu likiwa 04, kipepeo kimefungwa, na mizunguko iko juu ya 1,200, mafuta ni sifuri.

Hasara yake ni kasi. Mawasiliano ya magari haya ni ya polepole, na kila swali linaloongezwa linachelewesha kioo. Nimeondoa joto la injini na volti za betri ili kibaki kinakwenda na wakati.

22 Machi: taa ya injekta

Programu imesahihishwa, ila imani haikurudi. Mzee alisema, na ana haki: "Wiki iliyopita kilisema hivi, leo umekiambia kiseme vile." Namba iliyobadilishwa na bosi si ushahidi.

Fundi wetu wa umeme akaleta njia isiyo na kompyuta. Alichukua ledi nyekundu, rezista ya kilo-omu 1 na dayodi moja ya kuikinga, akaziunga sambamba na nyaya mbili za injekta moja ya Probox ya gia za mkono, akapitisha waya hadi kwenye dashibodi. Vifaa 3,000, ufundi 15,000. Injekta ikifunguka, taa inamweka. Ikifungwa, taa inazima. Hakuna hesabu katikati.

Tulipanda sote wanne. Injini ikinguruma, taa inametameta. Kwenye tambarare, inametameta haraka zaidi. Kwenye mteremko Mzee alitoa mguu akiwa gia ya nne: taa ikazima kabisa, na ikabaki imezima hadi mwendo uliposhuka. Akaweka frii: ikawaka. Akarudia hadi Dogo akaanza kucheka. Mwisho Mzee akasema, "Basi ni kabureta iliyonifundisha mimi." Ndivyo ilivyo. Kabureta za magari aliyojifunzia ziliendelea kumwaga mafuta mguu ukiwa juu, na frii ilikuwa na maana.

Niweke na upande wa pili, kwa haki. Kwenye mteremko mrefu wa taratibu frii inaweza kukufikisha mbali zaidi, kwa sababu injini haikuzuii, na ile robo tatu ya lita kwa saa inaweza kulipika. Sisi tumekataa hata hapo. Akiba ni ndogo, na gari lenye mzigo lisilo na breki ya injini silitaki katikati ya malori.

Kama bajeti yako ni ndogo, taa hii inunue kabla ya kununua simu.

5 Aprili: Dogo nyuma ya basi

Namba za Dogo zimepanda kwa kasi kuliko za wote. Ameshapita kilomita 13.5 kwa lita. Anatazama kioo kama mchezo wa simu, na hapo ndipo shida ilipo.

Dada ndiye aliyetuambia. Alimkuta kati ya Chalinze na Mikese amejibanza nyuma ya basi, umbali wa gari moja tu. Dogo alikuwa amegundua mwenyewe kwamba hapo namba inashuka vizuri. Na inashuka kweli: basi linampasulia upepo. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa asilimia 56, kwa hiyo anayejificha nyuma ya kitu kikubwa anaokoa. Hadi basi lifunge breki. Kifaa kinaona mafuta peke yake, hatari hakina mlango wa kuiingizia.

Jambo la pili ni macho. Miongozo ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ya mwaka 2013 inataka jicho lisitoke barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa kila mtazamo. Kusoma "6.8", kukumbuka ya mwanzo, kuamua kama ni nzuri, kunazidi hapo kwa urahisi.

Tulijaribu mlio badala ya namba: simu ilie mtu akikanyaga ghafla. Ulidumu hadi safari ya kwanza yenye abiria. Dada alisema anaonekana kama mwanafunzi anayekaripiwa mbele ya mteja, akazima sauti. Mzee alichomoa kifaa kabisa.

Tulipofikia ni rangi. Wazo si letu: Honda Insight ya 2009 ilikuwa na spidomita ambayo mandhari yake hugeuka kijani au buluu kulingana na mguu wa dereva, na taa ya kijani ya ECO iliyomo kwenye Toyota nyingi hapa mjini inafanya kazi hiyohiyo. (Dada anasema hiyo taa alikuwa akiifuata miaka yote kwenye gari la nyumbani, na ndiyo maana kioo changu hakikumwambia jipya.) Sasa simu yote ni rangi moja, kijani au kahawia, inaonekana kwa pembe ya jicho. Juu ya kilomita 70 kwa saa inazimika kabisa, ili nyuma ya basi pasiwe na zawadi. Namba inatokea mara moja tu, gari likishazimwa: kilomita kwa lita za safari hiyo.

26 Aprili: orodha ya ukutani, imeondolewa

Nilibandika karatasi ya wa kwanza hadi wa tatu. Haikumaliza wiki mbili. Anayepelekwa Morogoro anapata barabara ndefu iliyonyooka, na anayezungusha Kariakoo, Tandika na Mbagala anapata foleni, na masika haya foleni imekuwa maji na matope. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa wa mwisho kwa sababu ya njia. Dada alikuja na karatasi yenyewe mkononi, akauliza kama na mvua nayo tumeipa nafasi ya ngapi.

Sasa kila dereva ana kadi yake kwenye gari. Anaandika njia, namba ya mwisho wa safari, na neno moja kama kulikuwa na jambo: mvua, mizani, pancha. Analinganishwa na yeye mwenyewe kwenye njia ileile. Wazo la kadi ni la Dada. Basi la wanafunzi lilikuwa na daftari la namna hiyo.

17 Mei: uzoefu unafanya nini hasa

Namba za kutosha zimeshakuja kusema hili.

Dogo alihitaji kioo cha papo hapo, na alikihitaji kwa wiki chache tu. Hakujua kwamba kukanyaga hadi kwenye tuta kisha breki ni kuchoma petroli mara mbili. Kioo kilimwonyesha ndani ya sekunde ileile, akaelewa. Kilichofuata baada ya kuelewa kilikuwa mchezo, na mchezo ulikuwa na madhara: nyuma ya basi, kuzima kiyoyozi hadi kopo la chanjo lipate joto, kuondoka kwenye taa kwa unyonge hadi nyuma wapige honi. Hilo la mwisho halisaidii hata mafuta. Kuondoka kwa nguvu ya wastani na kuingia gia ya juu mapema kunashinda kujikokota kwenye gia ya chini.

Mzee hakuhitaji kufundishwa kuendesha. Mguu wake ni bora kuliko kanuni yoyote niliyoiandika. Ujuzi wake ulikuwa ukitumika kuokoa muda, kwa sababu muda ndio ulikuwa mali yake na mafuta yalikuwa ya tajiri. Anajua tochi ya trafiki hukaa wapi, kwa hiyo anatambaa kwenye kibao cha 50 na kufidia mbele yake. Rangi ya simu haimgusi, haitazami. Kilichomgusa ni vitu vitatu visivyo vya mwendo: lita kwa saa gari likiwa limesimama, ile taa nyekundu ya injekta, na namba ya mwisho wa safari anayoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Amepanda kutoka 14 hadi karibu 15, na karibu akiba yote imetoka kwenye kuzima injini dukani.

Dada amebaki palepale alipoanza. Alikuwa anaendesha vizuri kabla yetu, na watoto arobaini nyuma ni kifaa cha kutosha.

14 Juni: vioo vimezimwa

Tulizima rangi kwa makusudi mwishoni mwa Mei, tukaacha kadi tu, tuone nini kinabaki. Dogo alishuka: kutoka 13.5 na ushee hadi 13 hivi, kisha akatulia. Hakurudi 12. Mzee hakushuka hata kidogo. Mazoea ya kuzima injini hayahitaji kioo.

Hili linaendana na yaliyopatikana kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walijumlisha mwaka 2020 majaribio mengi ya vioo vya namna hii na kupata nafuu ya wastani wa asilimia 6.6. Na tafiti za mafunzo ya uendeshaji zimerudia kuonyesha kwamba nafuu hupungua muda unavyopita.

Kilichomrudisha Dogo juu si rangi. Ni pesa. Kuanzia Juni, nusu ya thamani ya lita zilizookolewa dhidi ya msingi wa kila dereva anapewa yeye kila mwisho wa mwezi, kwa bei ya sheli ya siku hiyo. Hesabu inafanywa kwa risiti za EFD, siyo kwa simu, ili pasiwe na mabishano ya programu. Dada aliuliza yeye ambaye msingi wake ulikuwa mzuri tangu mwanzo atapata nini. Ni swali la haki: mfumo wa kujilinganisha na jana humwadhibu aliyekuwa mwema jana. Tumeweka kiwango cha kilomita 14 kwa lita kwa njia ya Morogoro, na yeyote aliye juu yake anapata posho ileile hata asipopanda.

12 Julai: gharama hadi leo, na Hiace

Vifaa vibovu 45,000. Vifaa vizuri 135,000. Simu tatu zilizotumika 330,000. Vishikizo 30,000. Taa ya injekta 18,000. Jumla 558,000, na breki ile 65,000 ambayo ingehitajika hata bila mradi.

Magari yote matatu yanatumia karibu lita 1,000 kwa mwezi. Tunaokoa kama 70. Kwa petroli ya chini kidogo ya 3,000 ni laki mbili, nusu kwa madereva, nusu kwa ofisi. Ofisi itarudisha fedha yake katika miezi kama sita. Ingeweza kuwa miwili: simu ndizo zilizokula zaidi, na simu ndizo tunazozihitaji kidogo sasa. Anayeanza leo anunue kifaa kimoja kizuri na simu moja, avihamishe gari hadi gari, wiki tatu nne kwa kila dereva mpya, kisha abaki na kadi na risiti.

Taa ya injekta haijaondolewa. Mzee anaitumia kuwabana madereva wa malori anaokutana nao Chalinze.

Kinachofuata ni Hiace ya dizeli, yenye injini ya 2KD, iliyoingia kazini mwezi huu. Kikokotoo cha hewa hakitafanya kazi huko: dizeli huvuta hewa nyingi kupita mahitaji yake na uwiano wa 14.7 hauna maana. Gari hilo halitoi jibu kwa 015E, swali la lita kwa saa moja kwa moja, nimeshajaribu. Kwa hiyo tutakuwa na sheli, risiti na kadi peke yake, bila kioo tangu siku ya kwanza, na Dogo ndiye atakayeanza kuliendesha. Msingi unaanza kuandikwa Agosti. Na tabo, safari hii, ipo.